Bibi na Baba kwenye Mkeka Mmoja

Kwanza nilisikia jiwe likisaga juu ya jiwe. Nilikuwa nimetumwa kufagia nyuma ya darasa la nne, na sauti ilinifikia kabla sijakata kona ya jengo. Nilidhani naijua. Bibi yangu alisaga ulezi hivyo hivyo nyumbani, mwili ukienda mbele na kurudi, ingawa mashine ya kusaga ilikuwepo sokoni na kila mtu alishamwambia. Lakini hii ilikuwa sauti kavu, haikuwa na ule mnong'ono wa nafaka inayopasuka. Nilipokata kona nikamkuta mwalimu mgeni amepiga magoti vumbini, gauni amelibana katikati ya mapaja, anasaga makaa.

"Nishikie hili kopo," alisema. "Upepo wenu huu utanimalizia rangi."

Alisema upepo wenu kana kwamba sisi ndio tuliouleta. Alikuwa ametoka mbali, upande wa ziwani, na alikuwa bado hajajua kwamba huku kwetu upepo hauji na kuondoka. Unakaa, kama mwenyeji mwingine. Nilishika kopo. Alimimina unga mweusi polepole, na uliobaki kwenye jiwe akaufuta kwa kidole, akajichora mstari mkononi kuona kama umeiva.

Shule yetu, upande wa Ulemo, haikuwa na rangi yoyote zaidi ya chaki, kwa hiyo mwalimu alitufundisha kuzitengeneza. Nyeusi ilitoka kwenye makaa. Nyekundu ilitoka kwenye udongo wa kichuguu kilichokuwa nyuma ya vyoo, ambao tuliuchekecha kwa kitambaa. Ya manjano ilikuwa bizari, na kila mtoto alikuja nayo kidogo kwenye karatasi, ameiiba au ameiomba. Kijani tulikipata kwa kuponda majani ya maharage, lakini kiligeuka kahawia kabla kipindi hakijaisha, hivyo miti yote ya darasa letu ilikauka ndani ya saa moja, kila wiki. Brashi zetu zilikuwa vijiti tulivyotafuna ncha zake kama miswaki. Karatasi zilikuwa maboksi ya sabuni yaliyofunguliwa, na ukiigeuza picha yoyote ya siku zile utaona nyuma yake ahadi ya kung'arisha nguo.

Mwaka huo nyumbani kwetu kulikuwa na jambo moja tu. Ilikuwa inaamuliwa nikakae wapi.

Mama yangu alifariki nikiwa sijaanza kutembea. Simkumbuki, na sitamlilia hapa. Nililelewa na mama yake, Mnyiramba, katika nyumba ya tembe, yenye paa bapa la udongo, iliyokuwa na mlango mmoja na ambayo kila baada ya mvua ilihitaji kusiribwa upya. Baba yangu ni Mgogo wa upande wa Kilimatinde, na wakati huo alikuwa akifanya kazi ya reli Itigi. Alikuwa ameoa tena. Alikuwa na watoto wengine wawili, wa kiume, ambao nilikuwa nimewaona mara moja tu, wamevaa soksi ndani ya nyumba.

Kwa hesabu ya ukoo wa baba jambo lilikuwa jepesi: ng'ombe walishatolewa, mtoto ni wao. Kwa hesabu ya Wanyiramba wa zamani, ambayo bibi aliishikilia, mtoto ni wa tumbo lililombeba, na tumbo lile lilitoka kwake. Kila upande ulikuwa na wazee wa kuusemea, na sikuwahi kusikia mzee wa upande mmoja akisema wa upande wa pili wamekosea. Walisema tu, sisi kwetu ni hivi. Baba alikuwa ametuma neno kupitia simu ya mwenye duka kwamba amepata nafasi shule ya Itigi, na kwamba muhula ukifungwa angekuja kunichukua. Bibi alijibu kupitia simu ile ile: aje tuongee.

Tuongee lilikuwa neno gumu, kwa sababu bibi na baba hawakuwa wakiongea.

Huko kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mikono, hawakai kwenye kiti kimoja hata kwa zamu kama bado kina joto. Mama alikufa lakini ukwe haukufa naye, maana mimi nilikuwepo. Baba alipokuja kunisalimia, bibi aliingia ndani na kujifunika khanga. Baba alikaa nje, kiti chake kimeelekezwa barabarani. Kati yao kulikuwa na ukuta wa udongo na mlango uliofunguliwa nusu, na mimi nilisimama hapo mlangoni.

"Mwambie bibi yako shikamoo."

"Bibi, baba anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba. Muulize njia ilikuwaje."

"Anauliza njia ilikuwaje."

"Mwambie vumbi tu."

Wangeweza kugusana kwa fimbo. Kila mmoja alisikia alichosema mwenzake, hata pumzi alizovuta kabla ya kusema. Lakini neno lilikuwa halijasemwa mpaka lipite mdomoni kwangu. Nikichelewa, walisubiri. Siku moja nilibanwa katikati ya maongezi nikakimbilia chooni, na niliporudi niliwakuta kimya, baba akitazama barabara, bibi akitazama moto, na swali la mbegu za alizeti likiwa bado limening'inia hapo nilipoliacha. Nililichukua nikalifikisha. Bibi akajibu kana kwamba limeulizwa sasa hivi.

Wenzangu shuleni waliyajua haya, wengine hata makwao yalikuwa hivyo, ila kwetu ndiko walikocheka kwa sababu mjumbe alikuwa mmoja tu. "We Simu," walikuwa wakiniita wakati wa mapumziko, "leo una salio?" Nami niliwajibu kwamba ninalo la kuwatukana wote, na mambo yakaishia hapo.

Zilipobaki wiki chache kabla ya siku ya wazazi, mwalimu alituambia tuchore watu wa kwetu wakiwa wanakula. Alichagua kula kwa sababu, alisema, mtu akisimama tu kwenye picha anafanana na nguzo ya umeme. Picha zitakazopendeza zingebandikwa ukutani wazazi wazione.

Nilinyoosha mkono nikauliza kwetu ni wapi. Darasa lilicheka. Mwalimu aliwatazama mpaka wakanyamaza, kisha akaja kwenye dawati langu, akanichorea duara kwa kucha juu ya boksi, bila rangi.

"Weka sahani kwanza," alisema. "Halafu wakalishe wanaokula."

Nikaweka sahani. Nikaweka ugali, na kando yake bakuli la mlenda, ambalo nililiharibu kidogo kwa sababu kijani kilikuwa kimeshaanza kugeuka. Chini yake nikachora mkeka wa bibi, ule wenye mistari miekundu, na ulinichukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Nikamkalisha bibi. Nikajikalisha mimi. Upande wa kulia mkeka ulibaki mtupu, na nafasi tupu kwenye picha inasumbua macho. Nikamweka baba.

Baba yangu ana masikio yaliyosimama mbali na kichwa, kama ya mtu anayesikiliza jambo la chumba cha pili. Niliyaweka yote mawili. Bibi nilimchora bila khanga usoni, kwa sababu sikujua namna ya kuchora mtu anayekula akiwa amejifunika. Nikiutazama mkono wa baba ukiwa umenyooshwa kwenye mlenda, na wa bibi ukiwa umenyooshwa kwenye mlenda huo huo, niliona picha imekamilika.

Msichana niliyekaa naye dawati moja aliinama juu ya boksi langu.

"Umemkalisha mkwe na mkwe," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni picha tu."

"Hata kwenye picha wanaonana. Bibi yako atakuchapa."

Mwalimu alipopita aliichukua picha yangu, akaisogeza mbali na macho yake, akaisogeza karibu. Alisema ndiyo picha pekee ambayo watu wake wanatazamana. Za wengine wote wanatazama mbele, kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Aliibandika kando ya ubao, mahali ambapo kila anayeingia angeanza nayo. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyemweleza. Mambo ya ukwe hayasemwi darasani, na yeye hakuwa ameuliza.

Siku ya wazazi ilipangwa asubuhi. Mazungumzo ya baba na upande wa bibi yalipangwa mchana, nyumbani kwa mjomba wake mama, ambako kulikuwa na vyumba viwili na wazee wa kutosha kubeba maneno. Basi la kutoka Singida lilikuwa na kawaida ya kufika jua likiwa katikati. Bibi alihesabu kwamba angefika shuleni, angeona kazi zangu, angeondoka, na asingekutana na mtu yeyote ambaye hakupaswa kukutana naye.

Alikuja amevaa khanga mpya na kandambili zake za kanisani. Mlango wa darasa haukuwa na komeo, na kwa sababu ya upepo uliwekewa jiwe kubwa ili ukae wazi. Bibi alilitazama jiwe, akaliruka vizuri, akaingia. Wanawake kadhaa walikuwa wameshatangulia na walikuwa wamesimama mbele ya picha yangu. Walipomwona walimpisha, na huo upishaji wenyewe ulikuwa wa kicheko.

"Jamani, leo mama huyu kala na mkwe wake."

"Tena mkeka mmoja."

"Na mlenda. Mmoja anavuta huku, mwingine anavuta kule."

Bibi alisogea mbele ya picha akasimama, mikono ameikunja juu ya tumbo. Mimi nilisimama nyuma yake na nilikuwa natazama kisigino chake, ambacho kilikuwa na ufa niliokuwa nikimpaka mafuta jioni. Nilisubiri kofi. Nilijua lingetoka upande wa kushoto.

"Ndivyo alivyo?" aliuliza.

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Miaka yote hiyo bibi alikuwa na mkwe huyu. Aliijua sauti yake, kikohozi chake, viatu vyake, namna anavyovuta kiti. Uso alikuwa hajawahi kuutazama.

"Ndivyo alivyo, bibi."

"Pua hii?"

"Pua sikuipata vizuri."

"Masikio umeyazidisha."

"Sijayazidisha."

Alinyoosha kidole mpaka karibu na karatasi, hakuigusa. Akageuka, akanishika sikio langu la kulia. Alilikunja polepole kama mtu anayepima unene wa kitambaa, akaliachia, akalitazama linavyorudi mahali pake.

"Kumbe yametoka huko," alisema.

Ni wakati huo ambapo nje mtu alikohoa. Bibi alivuta khanga ikafunika uso kabla kikohozi hakijaisha.

Baba alikuwa amepata lifti ya lori la mizigo kutoka Singida na amefika mapema kuliko basi. Hakutaka kukaa bure, akapitia kwa mwalimu mkuu kushughulikia uhamisho wangu, na mwalimu mkuu, kwa wema, akamwelekeza darasani. Alifika mlangoni, akaona jinsi wanawake walivyogeuka, akaona mama mmoja amejifunika khanga amekabili ukuta. Hakuhitaji kuambiwa. Aligeuka akasimama nje ya kizingiti, mgongo kwetu, uso kwenye uwanja wa mpira.

Darasa lilikuwa na mlango huo mmoja. Madirisha yalikuwa na nondo. Bibi asingeweza kutoka bila kupita kando yake, na baba asingeweza kuondoka bila kusalimia, maana sasa alikuwa ameshajua nani yumo.

"Karibu baba," mwalimu alimwambia. "Pita ndani uone kazi ya mwanao."

"Asante mwalimu. Hapa napata hewa."

"Hewa hata ndani ipo."

"Ya nje inanitosha, mwalimu."

Mama mmoja alimvuta mwalimu pembeni akamnong'oneza sikioni. Niliona uso wa mwalimu ukibadilika. Aliitazama picha, akamtazama bibi kwa nyuma, akaitazama picha tena, kisha akaenda haraka kuibandua.

"Iache," bibi alisema kutoka ndani ya khanga.

Mwalimu akaiacha. Nami nilikwenda nikasimama mahali pangu, mlangoni, mguu mmoja juu ya jiwe.

Salamu zilipita kama kawaida, shikamoo na marahaba, njia na vumbi, afya ya wadogo zangu, mavuno ya alizeti. Kisha baba aliweka mikono mfukoni.

"Mwambie bibi yako nimeshaongea na mwalimu mkuu. Uhamisho uko tayari. Kilichobaki ni neno lake."

"Bibi, baba anasema uhamisho uko tayari. Limebaki neno lako."

Upepo ulileta vumbi, likapita juu ya kizingiti likaingia.

"Mwambie nimemwona."

"Anasema amekuona."

Mabega ya baba yalishtuka. Aliinua mkono akarekebisha kola ya shati, ingawa ilikuwa sawa.

"Ameniona wapi?"

"Kwenye picha," nilisema. Hilo sikutumwa na mtu. "Niliichora mimi. Mimi na wewe na bibi tuko kwenye mkeka, tunakula."

"Mkeka mmoja?"

"Mmoja."

Alitikisa kichwa, polepole, akiwa bado anautazama uwanja. Kulikuwa na watoto wa darasa la pili wanafukuza mpira wa makaratasi huko, na angeweza mtu kudhani anawatikisia wao.

"Na mama yako wa Itigi yupo?"

"Hayupo."

"Wadogo zako?"

"Hawapo."

"Mkeka ni wa wapi?"

"Wa bibi."

Baba alitoa kitambaa akapangusa shingo, akakirudisha. Nyuma yangu nilisikia kandambili za bibi zikisogea kwenye sakafu, hatua moja, nikajua amegeukia mlango, ingawa uso wake ulikuwa umefunikwa.

"Mwambie mtoto ni wake," bibi alisema. "Masikio nimeyaona. Mwambie amchukue."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini hata waliokuwa karibu na ubao walimsikia. Mwalimu alimsikia. Baba alimsikia: niliona kichwa chake kikiinama kidogo, kama mtu aliyewekewa mzigo na anasubiri kuona kama utakaa. Kilichobaki kilikuwa changu. Nilikuwa nimefikisha maneno mengi tangu nilipojifunza kusema, mbegu na homa na misiba, na hakuna lililowahi kukwama. Hili lilikuwa na maneno machache kuliko mengi ya hayo. Nilitazama jiwe chini ya mguu wangu. Lilikuwa na mstari mweupe katikati, na mahali fulani mstari ulikatika ukaendelea upande wa pili.

"Bibi yako anasemaje?" baba aliuliza.

Sikusema kitu.

Alisubiri. Alisubiri kama alivyosubiri siku ile nilipokwenda chooni, bila kugeuka, bila kukohoa. Ndani pia walisubiri. Bibi angeweza kulirudia. Angeweza kunisukuma mgongoni kwa kidole, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo na nikasahau nusu ya ujumbe. Kidole hakikuja.

"Basi," alisema baba baada ya muda, "kama hajasema kitu, mimi niwahi gari, na wazee wasinisubiri mchana. Siku atakaposema, nitakuja kumsikiliza."

Bibi hakulirudia neno lake, siku ile wala baadaye.

Baba aliniuliza kama picha inaweza kutoka ukutani. Nilimtazama mwalimu, mwalimu akaibandua mwenyewe, taratibu, kona moja moja, akanipa. Nilimpelekea baba nje. Aliipokea kwa upande wa nyuma, ule wa sabuni.

"Na yeye umemchora?" aliniuliza kwa sauti ya chini sana, kwa mara ya kwanza akizungumza nami peke yangu.

"Nimemchora."

"Uso?"

"Na uso."

Hakuigeuza. Boksi lilikuwa gumu lakini alilikunja duara, picha ikiwa ndani, akalibana kwapani. Alinishika kichwa, mkono ukashuka ukapita sikioni, akauondoa. Kisha akaanza kuvuka uwanja, na watoto wa darasa la pili wakasimamisha mpira wao ili apite.

Nilirudi mlangoni. Bibi alikuwa amesimama pale pale, khanga usoni, na pumzi yake ilikuwa ikiisukuma na kuivuta.

"Ameondoka?"

"Anaondoka."

"Funga mlango basi, nijifunue."

Nililisukuma jiwe kwa mguu mpaka likatoka. Baba alikuwa amefika kwenye mlingoti wa bendera, boksi kwapani, na upepo ukauchukua mlango ukaufunga nyuma yake.